Behewa la Posta na Ng'ombe wa Rurambo

Siku ile Mama Consolée alipofungua balo jipya la chaguwa, mitumba ya ng'ambo, pale sokoni Uvira, watu walirukia makoti na viatu, wakasukumana, wakatukanana kidogo, na Achille peke yake akabaki ameinama juu ya katoni ambayo hakuna aliyeitaka. Ndani mlikuwa na treni. Siyo yale madude ya plastiki yanayovunjika kabla Noeli haijaisha, la. Yalikuwa mabehewa kumi na moja ya chuma, kila moja refu kiasi cha kiganja, yenye magurudumu yanayozunguka, milango inayofunguka, na ndoano ndogo mbele na nyuma za kuyashikanisha. Behewa moja la abiria lilikuwa na mapazia mekundu, na ukichungulia dirishani uliwaona wasafiri wameketi kwa adabu, wakubwa sawa na punje za mchele. La mwisho lilikuwa la kijani, limeandikwa POSTE ubavuni kwa herufi za dhahabu. Kichwa cha treni hakikuwemo.

"Hii iko bei gani, Mama?"

"Hiyo? Beba tu, inanijazia nafasi bure. Unipe ya soda."

Achille alimpa ya soda, na hata hiyo akaomba arudishiwe nusu.

Mjini walimwita Direkta. Direkta wa nini, hakuna aliyejua, na waliothubutu kuuliza waliondoka wameahidiwa kazi. Alivaa viatu vyenye ncha kali, alipiga simu akiwa anatembea, na aliwahi kuyauzia makanisa matatu kinanda kimoja, makanisa yote matatu yakamwombea baraka. Mtu kama huyo akiiona katoni haoni katoni.

Alikuwa ameona kwenye simu yake, naye Achille huona mengi kwenye simu, kwamba ng'ambo kuna wazungu wazima, wenye ndevu na pensheni, wanaonunua mabehewa haya kwa pesa za kujengea nyumba. Wanatandika reli chumbani, wanavaa kofia ya mkuu wa stesheni, wanapiga filimbi, na wake zao wanawaletea kahawa bila kusema neno. Wakikosa behewa moja hawalali. Basi wewe msomaji utadhani Achille aliwaza kuwauzia wazungu. Hapana. Kuwauzia wazungu kunataka subira, anwani, na posta inayofanya kazi. Achille alitaka kumuuzia mtu ambaye angetaka kuwauzia wazungu, na watu wa namna hiyo Uvira tunao wa kutosha.

Tena alikuwa na haraka. Tangu Pasaka mke wake, Noella, alikuwa amerudi kwao Rurambo, huko juu milimani, na hakurudi kwa hiari yake. Mahari yalikuwa ng'ombe sita. Achille alitoa watano, na wa sita alimtoa kwa maneno, miaka minne mfululizo. Mwishowe baba mkwe, Mzee Déogratias, alishuka na fimbo yake, akanywa chai, akashukuru kwa chai, halafu akasema: "Nilikupatia mutoto muzima. Weye unanilipa vipande vipande." Akamchukua binti yake. Na wiki ile ya katoni neno likaja kutoka mlimani: Jumamosi ng'ombe wa sita asipoingia zizini, mzee atarudisha wale watano, na ndoa iishe.

Mwingine angefurahi, ng'ombe watano si mchezo. Achille hakufurahi hata kidogo. Alimpenda Noella, tena sana, na nyumba bila yeye ilimtisha. Usiniulize mtu anayempenda mkewe hivyo anawezaje kukaa miaka minne bila kumlipia ng'ombe mmoja. Muulize yeye.

Kazi ile ilihitaji mtu wa pili, na Achille alimwita Octave. Octave ni mtu wa Kamanyola, na kwa kuwa Kamanyola wanamjua mno, hufanyia shughuli zake Uvira. Alikaa seminari miaka mitatu, akatoka na vitu viwili: suti nyeusi, na Kifaransa kinachopitia puani.

Jumatano asubuhi Achille akaingia kwenye depo ya Onesphore, njia ya bandarini Kalundu. Onesphore aliuza saruji, chumvi na magodoro, na chumvi aliipima akiwa ameegemea mizani. Alikuwa mwembamba, mpole, mzee wa kanisa, na hakuwahi kumpa mtu chenji bila kuguna. Kiti cha wageni mle ndani kilikuwa kimetandikwa ngozi ya ng'ombe. Achille alikaa, akaipapasa.

"Ngozi nzuri, patron. Laini kabisa."

"Ee, iko mupya," alisema Onesphore. "Unataka saruji?"

"Hapana, patron, nataka musaada kidogo tu." Achille akatoa behewa la posta lililofungwa kwenye leso, akaliweka mezani. "Naenda douane, kwa bale batu ya ushuru, na bakiona kitu ya ng'ambo, hata kama ni kijiko, banataka kulipisha. Uniwekee saa moja. Ni kitu ya kuchezea, nilimuahidia mutoto wa dada yangu."

"Saa moja tu," alisema Onesphore, kwa sauti ya mtu anayetoa figo.

Achille akatoka, akavuka barabara, akajibanza nyuma ya gari la ndizi. Dakika ishirini baadaye Octave akaingia na suti yake. Aliulizia bei ya magodoro, akalalamika kuhusu joto, akageuka, na macho yake yakaangukia meza. Akashika moyo. Mambo ya kushika moyo aliyafanya vizuri sana, aliigiza Yuda miaka miwili kule seminari.

"Patron... samahani. Hii vagoni, iliingiaje hapa?"

"Kitu ya batoto," alisema Onesphore.

"Ya batoto!" Octave akacheka kwa huzuni. Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akahesabu magurudumu, akafungua mlango kwa ukucha wa kidole kidogo, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Angalia ndoano. Bado ni ya kwanza, hazijabadilishwa. Rangi haijaguswa. Patron, minye natumikia Monsieur Claude, muzungu ya kule Bujumbura. Iko na chumba nzima ya treni. Kichwa ya hii treni iko nayo, lakini vagoni zake zilipotea. Hii ya posta anaitafuta miaka tisa. Bibi yake alimuacha sababu ya hii."

"Sababu ya hii?"

"Alisema achague. Akachagua." Octave akajipangusa jicho. "Dola elfu tatu, leo hii. Na kama ingekuwa pamoja na ndugu zake kumi, hiyo bei hatuisemi tukiwa tumesimama."

Onesphore aliliangalia behewa, akauangalia mlango, akaliangalia behewa tena. Na kifuani, mahali ambapo watu wengine wameweka huruma, kitu kikaanza kutembea.

"Ni yangu," alisema. "Lakini leo siuzi. Nilirithi kwa baba. Rudia Jumatatu."

Octave akaacha namba ya simu, akainama, akatoka kwenda kula brosheti za nyama ambazo Achille alikuwa amemwahidi kabla na baada ya kazi. Onesphore akaanza kuuweka ule urithi wa baba yake kwenye droo, halafu akakumbuka kwamba mwenyewe atarudi, akaurudisha mezani.

Achille akarudi anatoa jasho.

"Asante sana, patron. Mungu akubariki. Nipe nikimbie."

"Keti kwanza, Achille. Unakimbilia wapi?" Sauti ya Onesphore ilikuwa imeota manyoya. "Hii kitu, nimemufikiria mujukuu wangu. Atachezea. Niuzie."

"Patron, hapana. Mutoto wa dada atalia."

"Nitamupa biskuti."

"Hanyamazi na biskuti, patron. Ni mutoto wa roho ngumu."

Wakaenda hivyo robo saa nzima. Onesphore alipandisha bei kutoka mfuko mmoja wa chumvi hadi godoro la watu wawili, na kila akipandisha aliguna. Achille alikuwa amepanga kusema dola elfu moja. Alikuwa amelifanyia zoezi neno hilo mbele ya kioo. Lakini pale kwenye kiti alimwaza Noella, akaihesabu Jumamosi kwa vidole, na mdomo ukamtangulia.

"Nataka ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe ya nini?"

"Ya mahari. Bibi yangu iko Rurambo kwa baba yake. Jumamosi ndiyo mwisho."

Katika maisha yake yote ya kazi, hili ndilo lilikuwa kosa lake kubwa: kumwambia mteja ukweli.

Onesphore alijifuta paji la uso, akafunga kitabu chake, akatabasamu kama mzee wa kanisa.

"Rurambo! Kumbe Mungu iko. Mwanangu, minye niko na ng'ombe Rurambo."

Na hilo halikumshangaza Achille. Matajiri wa mjini ndivyo wanavyofanya. Ng'ombe hakai Kalundu kula saruji, anawekwa mlimani kwa mchungaji. Mchungaji anakunywa maziwa, mwenye mali anahesabu ndama na kujisifu kanisani.

"Iko namna gani?" Achille aliuliza, kwa sababu aliona wanunuzi wa ng'ombe huuliza hivyo.

"Jike. Kahawia. Iko na doa nyeupe ku mugongo. Pembe ya kushoto imepinda. Ukifika kule useme tu ng'ombe ya Onesphore, batu bote banaijua. Hutahangaika kuipandisha mulima, iko huko tayari!"

Achille alitaka kucheka kwa sauti. Ng'ombe mzima, tena aliyekwisha kupanda mlima mwenyewe, kwa behewa moja la nusu soda! Akashika mikono ya kile kiti ili furaha isimrushe. Onesphore akaandika karatasi. Mimi nimeiona karatasi ile na naapa haina neno hata moja la uongo: "Mimi Onesphore nampa Achille ng'ombe wangu wa Rurambo, jike, kahawia, doa jeupe mgongoni, pembe ya kushoto imepinda, kama alivyo." Akapiga mhuri wa depo, akapiga tena ili uonekane vizuri. Wakasali kidogo, kwa kuwa Onesphore hafungi biashara bila sala, na wote wawili wakaitikia amina kwa moyo.

Jioni Octave akadai nusu yake.

"Nusu ya ng'ombe?" Achille akamuuliza. "Unataka upande ya pembe ao ya mukia?"

Octave alisema neno ambalo hawalifundishi seminari. Ndiyo maana Ijumaa, Achille alipopanda pikipiki kwenda kaskazini, katoni yenye mabehewa kumi ilikuwa magotini mwake. Aliogopa kuiacha mji mmoja na Octave.

Pikipiki ilimfikisha mahali ambapo pikipiki hukata tamaa. Kutoka hapo ni miguu. Viatu vile vyenye ncha vilipanda mlima kwa shida, kimoja kikafunguka mdomo njiani, na Achille akaomba hifadhi kwa watu usiku. Jumamosi asubuhi alitokea kwenye boma la Mzee Déogratias ana tope hadi magotini, amebeba katoni kichwani, anacheka peke yake.

Noella alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa kitenge kipya. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wake wa safari, umefungwa tayari.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilibaambia bote, weye utakuja."

Achille alitaka kumshika mkono, lakini wazee walikuwa wameketi uani, watano, na fimbo zao. Akawasalimia mmoja mmoja. Déogratias akatazama nyuma yake, njia ikiwa tupu.

"Mukwe, ng'ombe iko wapi?"

"Papa, ng'ombe imenitangulia!" Achille akatoa karatasi kwa madaha, mhuri juu. "Iko huku huku Rurambo. Ni ya kuenda kuchukua tu."

Mzee hakuwa na miwani. Akampa Noella karatasi aisome, na Noella akasoma kwa sauti ya furaha, kila mtu asikie. Aliposoma "kahawia," wazee walitikisa kichwa. Aliposoma "doa jeupe mgongoni," mmoja alikohoa. Aliposoma "pembe ya kushoto imepinda," mzee aliyekaa mwisho, Dieudonné, akavua kofia yake na kuitazama ndani.

"Kama alivyo," alimalizia Noella, polepole.

"Hiyo ng'ombe ilikuwa kwangu," alisema Dieudonné.

"Mungu asifiwe!" alisema Achille. "Basi twende tuichukue, Papa."

"Ilikufa, mwanangu. Mwezi ya sita. Iliteleza mu bonde."

Achille akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Ilikufa na mwenyewe hajui?"

"Anajua," alisema Déogratias. "Weye ni muntu ya muji, acha nikufundishe. Huku kwetu, ng'ombe ya muntu ikikufia mu mikono, unamupelekea ngozi. Ndiyo ajue hukuiuza, hukuiiba. Dieudonné alishuka nayo na minye nilimusindikiza. Tuliiweka ku meza yake, pale depo. Aliikagua kama iko nzima, akasema asante."

"Akasema ataitandika ku kiti ya bageni," aliongeza Dieudonné.

Nakwambia, kuna mambo ambayo mkono unayakumbuka kabla ya kichwa. Kiganja cha Achille kikakumbuka manyoya laini ya kahawia, na mahali manyoya yalipokuwa meupe, pale mgongoni mwa kiti, ambapo alikuwa ameegemea akisoma karatasi mara mbili ili asidanganywe.

"Achille," alisema Noella. "Mulikuwa munafanyia hii biashara wapi?"

"Depo."

"Weye ulikaa wapi?"

Achille akaanza kujifuta tope gotini.

"Nakuuliza, ulikaa wapi?"

"Juu yake," alisema Achille.

Wazee walicheka. Walicheka mpaka mmoja akaomba maji, na Dieudonné alijipiga mapaja na kuapa kwamba ng'ombe yule alipokuwa hai hakuwahi kukaliwa na mtu. Noella hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne, akamrudishia mumewe, akachukua mfuko wake wa safari, akaingia nao ndani. Achille aliusikia ukiwekwa chini kwenye sakafu, na sauti ile ilimuumiza kuliko kicheko chote. Aliona haya. Halikuwa jambo la kawaida kwake, hata hakujua aweke wapi mikono.

"Papa," alisema, "leo sina neno. Sina ng'ombe, sina kitu. Niko na mikono tu."

Déogratias akaitaka ile mikono, akaigeuza, akaitazama viganja.

"Hii haijawahi kushika kitu," alisema. "Basi itaanzia hapa. Niko na ng'ombe moja iko na mimba. Utachunga mpaka izae. Ikizaa jike, nahesabu ya sita. Ikizaa dume, utangojea ingine."

Fimbo akampa hapo hapo. Mabuti ya mpira aliletewa na Noella, aliyeyatupa uani kutoka mlangoni, moja moja, na la pili lilimpata begani.

Basi Direkta yuko Rurambo. Anaamka kabla ya jogoo, ana kikohozi cha baridi, na ng'ombe wa Déogratias wamegundua mapema kwamba anaweza kudanganywa: mmoja anajifanya kuchechemea, wengine wanakwenda shambani kwa watu. Noella anamletea chakula, anamuuliza kama ameshiba, anarudi ndani. Mfuko wake bado haujafungwa tena.

Ile katoni Mzee Déogratias alisema ataiweka yeye, Achille asije akaiuza. Siku ya kwanza aliyatoa mabehewa kuyatazama. Siku ya pili aliyashikanisha. Wiki haijaisha akawa ameyapanga yote kumi juu ya benchi refu pale barazani, anayasukuma kwa kidole, amejaza la makaa maharagwe na la mafuta ameliacha tupu kwa kuwa mafuta hana, naye anaheshimu kazi ya kila moja. Asiguse mtu. Mjukuu akigusa anapigiwa kelele, mgeni akija anaonyeshwa abiria wa mchele. Wazungu wenye ndevu na pensheni wangemtambua mara moja. Kila jioni anafika mwisho wa treni, anaitazama ndoano ya nyuma inayoning'inia bila kushika kitu, na anaguna.

"Huyu lazima alikuwa na ndugu," anasema.

Mwezi wa pili wa kuchunga, simu ya Achille ikalia. Mtandao Rurambo unapatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya baraza la mzee, na Achille akarukia juu na mabuti yake.

"Achille, mwanangu!" Alikuwa Onesphore. Monsieur Claude hakuwa amepiga, namba aliyoachiwa ilikuwa haipatikani kila siku, na Onesphore alikuwa amefikia wazo kwamba mzungu anasubiri treni ikamilike. "Ulifika salama? Ng'ombe uliiona?"

"Niliiona, patron," alisema Achille. "Imenona. Iko na maziwa mengi."

Upande wa Uvira kikasikika kikohozi.

"Mungu asifiwe," alisema Onesphore hatimaye. "Sikia. Zile vagoni zingine, ndugu zake ya ile ya posta, uko nazo?"

"Niko nazo. Zote kumi."

"Niuzie. Nitakupa ng'ombe ingine, mama ya ile. Kubwa kabisa. Iko huko huko Rurambo."

Achille akatazama chini. Noella alikuwa amesimama na bakuli la uji, anasikiliza.

"Patron," alisema Achille, "na ngozi yake umeitandika wapi?"

Simu ikakatika. Noella akaweka mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akacheka, akacheka mpaka uji ukamwagika. Achille akashuka kutoka kwenye jiwe akijiona mtu mkubwa tena, amenyoosha kola ambayo haikuwepo.

"Huyo ulikuwa unaongea naye," aliita Déogratias kutoka barazani, kidole kwenye behewa la mwisho, "ndiye iko na ya posta?"

"Ndiye, Papa."

Mzee akaitazama ile ndoano muda mrefu.

"Ungeniletea zote kumi na moja, mukwe," alisema, "Jumamosi ile ile ningekuhesabia ya sita, na bibi yako ungeenda naye."

Kicheko cha Noella kikakatika. Achille akafungua mdomo ule uliokwisha kuuza kinanda mara tatu. Huko chini jirani alianza kupiga kelele kwamba ng'ombe wameingia tena kwenye maharagwe yake. Achille akachukua fimbo, akaenda.